Jack Bauer na Saa za Kwetu

Kabla ya kutuomba tuamini mabomu, virusi, wasaliti na marais wanaowindwa, tamthilia ya 24 inatuomba tuamini saa. Tarakimu za njano zinatokea kwenye kioo cheusi, zinadunda kama moyo wa mtu aliyetoka kukimbia, na tangu hapo tunakubaliana kwamba dakika ya Jack Bauer na dakika ya anayemtazama ni dakika moja. Kipindi kimoja ni saa moja. Sizoni moja ni siku moja, vipindi 24. Televisheni ya Fox ilianza kuirusha huko Marekani tarehe 6 Novemba 2001, wiki nane kamili baada ya majengo ya New York kuanguka, ingawa ilikuwa imetungwa na kuanza kurekodiwa kabla ya hapo. Iliendelea hadi 2010, ikarudi 2014 kwa vipindi 12 vya London. Kiefer Sutherland ndiye Jack, kachero wa kitengo cha kubuni cha kupambana na ugaidi kinachoitwa CTU, mjini Los Angeles, na kila sizoni ana saa chache za kuzuia maafa ambayo wakubwa zake hawayaoni, au wanayaona lakini wanabishana kwanza.

Nimeitazama yote mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto Sumbawanga, kwenye kibanda umiza cha mjomba wangu, ambako kazi yangu ilikuwa kupokea shilingi mia mlangoni na kwa hiyo nikawa natazama bure. Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, kwenye kompyuta, nikiwa mwanafunzi wa uzamili ninayepaswa kuwa naandika tasnifu kuhusu riwaya za upelelezi za Kiswahili. Tasnifu ilisubiri. Nilichokiona mara ya pili ndicho ninachotaka kukiandika hapa, kwa sababu naona tamthilia hii imesifiwa na kulaumiwa kwa mambo mengi, lakini saa yenyewe, ambayo ndiyo kila kitu, watu huiacha ilivyo, kana kwamba saa ni chombo kisicho na upande.

Kwetu ilikuwa na upande tangu mwanzo. Sizoni ya kwanza inaanza usiku wa manane, siku ya kura za mchujo za urais California, na maandishi ya kioo yanatuambia kwamba siku imeanza. Kwa Kiswahili hakuna siku inayoanza pale. Ile ni saa sita ya usiku, yaani usiku umefika katikati, watu wako kwenye usingizi wa pili, na siku itaanza kuhesabiwa jua likichomoza: saa moja, saa mbili. Kwa hesabu yetu Jack Bauer hafanyi kazi siku moja. Anachukua nusu ya usiku mmoja, mchana mzima, na nusu ya usiku mwingine. Anakata siku mahali ambapo sisi hatukati. Unaweza kusema haya ni mambo ya lugha tu, lakini mtu akikuambia muda unakwisha, jambo la kwanza la kumuuliza ni muda wa nani, na aliuanzia wapi kuuhesabu.

Kisha kuna santuri. Tamthilia ilipokuwa hewani Marekani, saa ile moja ilikuwa na matangazo ya biashara ndani yake, na ukiyaondoa unabaki na dakika kama 43. Watengenezaji walikuwa wajanja: saa ya njano iliendelea kutembea wakati wa matangazo. Mmarekani aliyekaa kitini akitazama tangazo la gari kwa dakika nne alirudi na kukuta dakika nne zimepita kwa Jack pia. Ahadi imetimizwa. Sisi tulipata CD za kichina, sizoni nzima imebanwa kwenye diski moja au mbili, matangazo yamekatwa. Kwa hiyo tuliona kile ambacho Mmarekani hakukiona, yaani saa ikiruka. Jack anaingia kwenye gari dakika ya 17, kioo kinakuwa cheusi, kinawaka tena ni dakika ya 21 na ameshafika. Ndiyo maana Los Angeles yake haina foleni. Ndiyo maana hali, hajisaidii, hasubiri mtu afungue ofisi. Yote hayo yanafanyika ndani ya tangazo. Pale kibandani watu walikuwa wakipiga kelele, "Kapaa!" Tulicheka, lakini ilikuwa hoja ya uhakiki: ile inayoitwa saa halisi imetobolewa matundu, na kila kitu cha polepole kimetupwa kwenye matundu hayo.

Sumbawanga ni mahali pazuri pa kulitambua hilo. Mji uko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba baridi inakulazimisha kutazama filamu umejifunika blanketi. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000, na wakati huo lami ya kutoka Tunduma ilikuwa bado inajengwa. Umeme wa mjini ulikuwa ukivutwa kutoka Zambia, kupitia Mbala, na ulikuwa na ratiba zake. Ukikatika katikati ya kipindi, Jack alibaki ameshika bastola gizani mpaka mjomba awashe jenereta, na kama mafuta hayakuwepo, mpaka kesho yake. Bomu lilisubiri. Hakuna aliyeona ajabu.

Nisimsahau mtafsiri. Tanzania ina desturi ndefu ya watu wanaotia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za nje, na Derek Mukandala, yule Lufufu wa Dar es Salaam, ndiye aliyeifanya sauti ya mtafsiri iwe sehemu ya picha yenyewe. Sisi hatukuwa na Lufufu. Tulikuwa na kijana wa Katandala aliyemaliza kidato cha nne na kupenda Kiingereza, ambaye alikaa karibu na deki akiwa na rimoti. Kila Jack alipopokea simu, yeye alisimamisha picha. Alieleza nani anapiga, kwa nini anadanganya, na huyu mwanamke mwenye nywele fupi tulimwona wapi. Wengine walichangia. Mzee mmoja aliuliza kila mara kama rais yule mweusi, David Palmer, bado yu hai, akitulia akiambiwa ndiyo. Kipindi cha dakika 43 kilichukua saa moja na nusu. Nikikumbuka vizuri, tulikuwa watu pekee duniani tuliokuwa tukiitazama 24 polepole, na kwa sababu ya upole huo tuliuliza maswali ambayo tamthilia imejengwa ili yasiulizwe.

Swali kubwa lilikuwa: kama amekosea je?

Nieleze kwa wasioijua. Karibu kila sizoni ina chumba, na ndani ya chumba kuna mtu anayejua kitu, na nje ya chumba kuna saa. Sizoni ya pili kuna bomu la nyuklia Los Angeles, na Jack anamwonyesha mtuhumiwa, Syed Ali, picha za moja kwa moja za mwanawe akiuawa, mpaka anasema bomu liko wapi. Baadaye tunaambiwa mauaji yale yalikuwa ya kuigiza. Sizoni ya nne anatokea wakili wa haki za binadamu na hati ya mahakama kumlinda mtuhumiwa aitwaye Prado. Jack anaacha kazi kwa dakika chache, anamfuata Prado nje na kumvunja vidole kama raia wa kawaida. Prado anasema. Kibandani kwetu hapo palipigwa makofi, nami nilipiga. Wakili ameandikwa ili tumchukie, na anachukiza vizuri: ana suti safi, hana haraka. Kwenye tamthilia hii kutokuwa na haraka ni aina ya usaliti.

Mwaka 2007 mwandishi Jane Mayer aliandika katika The New Yorker kuhusu jenerali mmoja wa Marekani, Patrick Finnegan, mkuu wa taaluma kwenye chuo cha kijeshi cha West Point, aliyesafiri hadi kwa watengenezaji wa 24 mwezi Novemba 2006 kuwaomba waonyeshe japo mara moja mateso yakishindwa kutoa ukweli. Wanafunzi wake wa uafisa walikuwa wakimjia darasani na mifano ya Jack. Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo nilidhani ni utani. Jeshi kubwa kuliko yote linaomba kampuni ya filamu ipunguze.

Lakini haki isemwe: tamthilia imewahi kuonyesha kukosea. Katika sizoni hiyohiyo ya nne kuna mchambuzi wa CTU, Sarah Gavin, anayeshukiwa kuvujisha taarifa. Wenzake wanamfunga kitini na kumtesa kwa umeme. Inagundulika hana hatia, mwenzake ndiye aliyemtegea. Wanamfungua, na siku hiyohiyo, kwa sababu saa haisimami, anarudi mezani kwake kuendelea na kazi.

Nilikuwa natazama kipande hicho nyumbani mwaka jana wakati bibi alipoingia na chai. Ni mdogo wake bibi mzaa mama, nasi tunamwita bibi tu. Alisimama nyuma yangu.

"Huyo dada amefanya nini?"

"Hakufanya kitu, bibi. Wamekosea mtu."

"Na sasa?"

"Sasa wamemrudisha kazini."

Alicheka hadi akaweka birika chini. "Kwa walewale waliomfunga?"

Nilimwambia ndiyo, kwa walewale. Akavuta kigoda, akataka nirudishe nyuma aone alivyokaa mezani.

Ili kicheko hicho kieleweke lazima nishuke bondeni. Bibi aliishi na kuolewa katika kijiji kimoja upande wa Ziwa Rukwa, ambako ukitoka mjini unateremka ukingo wa Lyambalyamfipa na joto linakupokea njiani. Jina la mji wetu, kama kila Mtanzania anayetaka kututania anavyojua, hufasiriwa "tupa uchawi". Nimechoka na utani huo, lakini ninachotaka kusema kinapita humohumo. Miaka kadhaa iliyopita vijana wa kijiji chake walichanga fedha kila kaya wakaita lambalamba, wale wapiga ramli wanaokwenda kijiji hadi kijiji wakidai kufichua wachawi na kung'oa vifaa vyao. Watoto wawili walikuwa wamekufa. Ikasemwa kuna mtu, na mtu huyo akiachwa hadi usiku atamaliza na wa tatu. Bibi alikuwa mjane, mwenye shamba zuri la ulezi, na asiyependa kukaa vibarazani. Akapewa hadi jua kuzama atoe vitu vyake.

Alisema hana. Wakamwambia jua linakwenda. Mwishowe aliingia ndani akatoka na kibuyu kilichofungwa kitambaa. Kilikuwa na mbegu za maboga. "Niliwapa walichotaka ili walale," ndivyo anavyosema, na hasemi zaidi. Kikachomwa mbele ya watu. Kijiji kikalala usingizi mzuri. Yeye akahamia mjini kwa binti yake mwezi huo, na shamba likapata mwenyewe mwingine.

Sasa itazame habari hiyo kama mwandishi wa tamthilia. Kuna adui aliyejificha ndani ya jamii, anayefanana na sisi. Kuna kikosi cha wataalamu kutoka nje chenye vifaa ambavyo mtu wa kawaida hana. Kuna vifo vilivyotangulia na kifo kinachokuja. Kuna saa. Kuna ungamo, na baada ya ungamo kitu kinaonekana kwa macho, kibuyu, na kila mtu anapumua. Hakuna kilichopungua. Kama Fox wangekuja Ufipa wasingebadilisha hata mpangilio wa matukio.

Na si jambo la jana. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi kwa Wafipa na kuandika vitabu juu yao, alichapisha mwaka 1968 katika jarida la Africa makala kuhusu Kamcape, vuguvugu la kufichua wachawi lililopita Ufipa katika miaka ya sitini. Jarida hilohilo, mwaka 1935, lilikuwa limechapisha makala ya Audrey Richards kuhusu wenzao kwa jirani zetu Wabemba, vijana walioitwa bamucapi, ambao waliwapanga wanakijiji mstari na kuwatazama kwa kioo kidogo cha mviringo kujua nani mchawi. Nilipoisoma maktabani nilifikiria mara moja vioo vya CTU, zile skrini zilizogawanywa vipande vinne, kila kipande na uso wa mtu. Kioo kile cha vijana kilikuwa pia teknolojia ya kisasa ya wakati wake. Nani angebishana na kioo?

Kuna watakaosema nalinganisha visivyolingana, kwamba mabomu yapo kweli na uchawi ni imani. Mabomu yapo. Sisi Watanzania hatuhitaji Jack Bauer atuambie. Tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu na ushei asubuhi, lori lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na kuua watu 11. Karibu wakati huohuo la Nairobi liliua 213. Mimi sikuwa nimezaliwa. Hiyo ndiyo habari yetu wenyewe ya ugaidi na saa, na nashangaa kwamba wahakiki wa kwetu wanapoijadili 24 hawaitaji, kwa sababu ina Wazanzibari wawili, bomu moja, na njia mbili za kutafuta ukweli.

Wa kwanza, Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999. Makachero wa FBI walimhoji, akaeleza sehemu yake, akapelekwa New York, na mwaka 2001 mahakama ya kawaida ikamtia hatiani na kumfunga maisha. Hata hapo kulikuwa na kasoro: Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka huohuo kwamba kumkabidhi kwa Marekani bila ahadi kwamba hatanyongwa kulikuwa kinyume cha sheria. Lakini kesi ilisimama.

Wa pili, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan Julai 2004. Hapa ndipo Jack anaingia. Ghailani hakupelekwa mahakamani. Alikaa mikononi mwa CIA kwenye magereza ya siri kwa takriban miaka miwili, kisha Guantanamo tangu 2006. Alisema. Kutokana na aliyoyasema walimpata shahidi, mtu wa Arusha, ambaye angeeleza kwamba ndiye aliyemuuzia vilipuzi. Kwenye tamthilia hapo ndipo mlango unavunjwa na helikopta inapaa. Kwenye maisha, Ghailani alifikishwa New York mwaka 2009, na Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan akakataa kumpokea shahidi huyo, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa. Mwezi uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwachia Ghailani makosa 284 kati ya 285. Moja lilitosha: Januari 2011 alifungwa maisha. Sisemi aliponyoka. Nasema kwamba familia za wale 11 zilisubiri tangu saa nne na nusu ile hadi siku hiyo, na kwamba mtu aliyeweza kusimama na kusema vilipuzi vilitoka wapi hakuruhusiwa kusema, kwa sababu ya njia iliyotumika kumpata. Nimepiga hesabu: ni siku 4,554. Kwa kipimo cha Fox, sizoni 4,554.

Hizo saa zaidi ya 109,000 haziwezi kuwekwa kwenye televisheni, najua. Hata hivyo ndizo saa halisi. Ungamo la chumbani huchukua dakika tatu. Ndipo inapoanza kazi ya kuthibitisha kama ni kweli, na kazi hiyo 24 huiweka kwenye tangazo. Bibi naye aliungama ndani ya muda aliopewa. Kwa kipimo cha tamthilia, mbinu ilifanya kazi.

Ningependa kusema kwamba fasihi yetu ya upelelezi inafanya vizuri zaidi. Haifanyi, si kwa jambo hili. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ni kachero ambaye ngumi yake hutoa majibu haraka kama ya Jack, na msomaji wa Kiswahili hufurahia vilevile. Tofauti ninayoiona ni ya mwendo. Gamba ana muda wa kuoga, kuchagua shati, kuagiza kinywaji hotelini, kumtazama mwanamke anayepita, na mara nyingi ni katika dakika hizo za uvivu ndipo anapogundua jambo. Anafikiri akiwa amekaa. Jack hafikiri kamwe akiwa amekaa. Nadhani hakuna sizoni ambayo amemaliza kikombe cha kahawa. Na Gamba anajua analinda nini: wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, bara ambalo lina majina na barabara. Jack analinda "watu maelfu kwa maelfu", umati ambao hatuuoni.

Waafrika nao tumo kwenye 24, kwa namna yake. Filamu ya Redemption ya Novemba 2008 na sizoni ya saba iliyofuata zinaleta nchi iitwayo Sangala, ambayo haipo popote, ilirekodiwa Afrika Kusini, na ina watoto wanajeshi, vumbi na Mzungu mwema mwenye shule. Mbabe wake ni Jenerali Juma. Kibandani hatukuweza kuendelea kwa dakika nzima. Juma! Juma wa kitabu cha darasa la kwanza, Juma anayecheza mpira, ndiye anayeshambulia Ikulu ya Marekani. Mwigizaji, Tony Todd, ana sauti ya kutetemesha mabati na anaitumia yote, lakini hakuna wa kumtazama huko Sangala isipokuwa wale wa kukimbia na wale wa kufyatua. Saa ya njano inatembea Sangala kama inavyotembea Los Angeles, ingawa mtu yeyote wa mikoa yetu anajua kwamba msaada hautembei kwa saa hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, kabla ya mapambazuko. Kikosi maalumu cha Recce kilifika kutoka Nairobi mchana. Walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi. Nilikuwa sekondari wakati huo, na nakumbuka nikihesabu masaa kwenye redio, si kwa sababu mtu alitaka nishikwe na wasiwasi, bali kwa sababu yalikuwa yakipita.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani naichukia tamthilia hii. Sizoni ya tano, ambayo adui mkubwa anageuka kuwa Rais Charles Logan mwenyewe, ni televisheni nzuri kuliko nyingi nilizoona, na Gregory Itzin anamcheza Logan kama mtu anayesikia harufu ya woga wake mwenyewe. Chloe O'Brian wa Mary Lynn Rajskub, mwenye uso wa kununa na vidole vya haraka, ndiye mtu pekee pale CTU ambaye ningependa kufanya kazi naye. Na watengenezaji waligundua jambo moja la saa ambalo nalistahi kabisa. Mwisho wa sizoni ya kwanza Jack anamkuta mkewe, Teri, ameuawa, na saa ya njano inatokea bila sauti. Inatembea tu, kimya. Mtafsiri wetu, ambaye hakuwahi kunyamaza, alinyamaza. Nafikiri ni dakika pekee katika sizoni hiyo yote ambayo haituharakishi kwenda popote. Kwa sekunde chache kifo kinapewa muda wake, kama matangani ambapo watu wanakaa na kukaa na hakuna anayeuliza kitakachofuata. Walirudia ukimya huo kwa wengine, na kila mara uliniuma. Sarah Gavin hakupewa, kwa kuwa hakufa.

Sizoni ya nane inaanza saa kumi alasiri mjini New York na kumalizika saa kumi alasiri ya siku ya pili. Jack ameumia, anatoroka, Chloe anamtazama kupitia kamera ya ndege isiyo na rubani. Anamshukuru. Picha inazimwa, na saa inatokea mara ya mwisho, lakini safari hii inarudi nyuma: tatu, mbili, moja, sifuri. Kijana wa Katandala alikwama. Alikuwa amezitafsiri saa zote kwa sizoni nane, hata zile za usiku zilizotusumbua, ila hiyo hakuwa nayo, kwa kuwa Kiswahili hakina saa sifuri. Alitazama kioo, akatutazama sisi. "Saa imekufa," akasema, akatoa CD, akaipangusa kwa shati, akaweka ya Kinigeria.